Gari la porini ukumbini: tuliyopitia hadi siku ya maonyesho

Gari la maonyesho huanza na tarehe. Gari unalojitengenezea kwa matumizi yako linaweza kungoja mshahara wa mwezi ujao, likangoja shokapu unazozitamani, likangoja hata fundi wa rangi apone mafua. La maonyesho halingoji. Siku ya ufunguzi imeshatangazwa, nafasi ukumbini imeshalipiwa, na aliyekupa vipuri ili jina lake lionekane ubavuni mwa gari ameshawaalika wateja wake. Karibu kila uamuzi mbaya niliouona katika kazi ile, kwetu na kwa majirani zetu ukumbini, ulizaliwa na tarehe. Na karibu kila uamuzi mzuri ulitokana na mtu mmoja kusimama na kusema: hili haliwahi, tuliache.

Tulikuwa kikundi kidogo: mafundi wawili wa magari, fundi umeme mmoja, na mimi niliyeshika daftari, fedha na mawasiliano. Gari lilikuwa pikapu ya dizeli ya kabini mbili, yenye ekseli nzima nyuma na magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Tulitaka liwe gari la safari ndefu za porini: matairi ya kimo cha inchi 35, difu (gia za katikati ya ekseli) zenye loki ya kulazimisha magurudumu ya pande zote mbili yazunguke pamoja, winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba) mbele, keria na hema juu, betri ya pili, tangi la maji, jiko na friji. Orodha hiyo niliiandika kwa jioni moja. Ilinichukua muda mrefu zaidi kukubali kwamba nusu yake inapigana na nusu nyingine.

Ugomvi wao ni uzito. Mtu akitazama picha za magari haya huona kimo, matairi na taa, kilo hazionekani. Kila gari lina kikomo cha uzito wa jumla kilichowekwa na kiwanda, yaani gari lenyewe pamoja na mafuta, watu na mizigo yote. Breki, springi, bearingi na chesisi vimetengenezwa kwa kuzingatia kikomo hicho. Sasa hesabu. Bampa la chuma na winchi mbele vinaweza kufika kilo 100. Maji lita 60 ni kilo 60, hakuna ujanja hapo. Dizeli ya akiba lita 80 ni takriban kilo 67. Hema lenye ganda gumu hufika kilo 60 hata 80, na keria inayolibeba ina kilo zake. Ongeza droo za nyuma, friji, betri, jeki, spana na tairi la akiba, kisha waingie watu wanne. Sisi tulifika kwenye kikomo tukiwa bado kwenye karatasi, kabla ya kununua bolti hata moja.

Paa ndilo lililonishtua zaidi, kwa sababu lina vikomo viwili na watu huvichanganya. Kimoja ni mzigo ambao paa linaruhusiwa kubeba gari likiwa linatembea. Kwa magari mengi ya aina hii hauzidi kilo 100 hivi, keria ikiwemo. Kingine ni mzigo ambao paa linahimili gari likiwa limesimama, nao ni mkubwa zaidi, ndiyo maana watu wawili hulala juu usiku kucha na paa lisibonyee. Anayenunua hema kwa kutazama kikomo cha pili atakuja kuona nyufa kwenye miguu ya keria baada ya njia mbovu ya kwanza. Halafu kila kilo unayoipandisha juu hupandisha kitovu cha uzito, na gari likipita kwenye mteremko wa ubavu unalihisi linataka kulala. Tuliliteremsha hema, tukaliweka kwenye fremu juu ya sehemu ya mizigo, chini ya kimo cha kabini. Mchoro wetu wa kwanza ulikuwa unapendeza zaidi, sikatai. Lakini gari lilitulia.

Historia ya magari haya inasema jambo hilohilo. Mwaka 1967 yalifanyika mashindano ya kwanza ya kuvuka rasi ya Baja California nchini Meksiko, kutoka Tijuana hadi La Paz. Vic Wilson na Ted Mangels walishinda kwa saa 27 na dakika 38 wakiwa kwenye Meyers Manx, kigari cha bodi ya faibaglasi kilichojengwa juu ya sakafu ya Volkswagen, kikisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Mwaka huohuo, kwenye uwanja wa Dodger Stadium mjini Los Angeles, yalifanyika maonyesho ya kwanza ya SEMA, chama cha wafanyabiashara wa vipuri maalumu vya magari cha Marekani, ambayo siku hizi hufanyika Las Vegas kila Novemba na ambayo watengenezaji wengi huyaona kama kilele cha kazi yao. Kisha ikaja Ford Bronco ya Parnelli Jones, maarufu kama Big Oly, ikashinda Baja mwaka 1971 na tena 1972. Haikuwa Bronco ya dukani iliyorundikiwa vyuma. Ilijengwa upya kwa fremu ya mabomba na bodi nyepesi. Magari yaliyowatia watu hamu ya kutengeneza ya kwao yalishinda kwa kuvuliwa vitu, na sisi kila siku tunayavisha.

Kwa hiyo, kama unaanza, peleka gari kwenye mizani kabla ya kuligusa. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, uandike. Springi huchaguliwa kwa namba hizo. Muuzaji wa kwanza tuliyemwendea alituuliza tu tunataka kuinua inchi ngapi. Aliyetufaa aliuliza: mbele kuna kilo ngapi, nyuma kilo ngapi, na mzigo unakaa humo siku zote au ni wa safari tu? Maswali ya huyu wa pili ndiyo uyasubiri kabla ya kutoa pesa.

Matairi yalikula fedha kuliko kitu kingine chochote, wala si kwa bei yake yenyewe. Watu huinua springi wakadhani wameinua gari zima. Springi ndefu huinua bodi na chesisi, lakini ekseli ya nyuma hubaki palepale, na difu yake hubaki karibu na mawe kama zamani. Kinachoinua difu hiyo ni tairi, tena kwa nusu tu ya ongezeko: ukitoka inchi 31 kwenda 35, chini ya difu unapata inchi 2. Tulizitaka hizo inchi 2. Bei yake ikaanza kujitokeza moja moja. Tairi la inchi 35 linazidi lile la 31 kwa asilimia 13 hivi, kwa hiyo spidomita ikisoma 100 gari linakwenda 113, na injini inavuta kana kwamba kila gia imesogezwa juu. Difu zetu zilikuwa na uwiano wa 4.10, yaani shafti inayotoka kwenye gia huzunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kurudisha nguvu ya awali kulihitaji kama 4.63, zilizopatikana zilikuwa 4.56 na 4.88, tukachukua 4.88 kwa sababu ya mzigo. Krauni na pinioni, yaani gia mbili za ndani ya difu zinazoweka uwiano huo, hubadilishwa mbele na nyuma kwa pamoja. Gari la fowili lenye uwiano mmoja mbele na mwingine nyuma litajitafuna lenyewe mara utakapounganisha magurudumu yote kwenye ardhi ngumu.

Hapo bado breki. Tairi zito na refu ni gumu kulizungusha na gumu vilevile kulisimamisha, na mguu wangu ulilijua hilo kwenye kona ya kwanza nje ya gereji. Tukabadilisha diski na pedi. Bado kukata madigadi ili tairi lisisugue. Bado rimu, bado alaimenti. Mbele tulikomea kuinua inchi 2, kwa kuwa ukizidi hapo shafti za magurudumu yanayojitegemea husimama kwa pembe kali na buti zake za mpira hupasuka mapema. Daftarini "matairi" ulikuwa mstari mmoja. Mistari iliyozaliwa na mstari huo ilifika karibu theluthi ya bajeti yote. Anayekuambia amebadilisha matairi tu, muulize ni nini kilifuata.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia: krauni na pinioni mpya zinahitaji kuzoeana. Safari fupi za kwanza, bila mzigo, difu zipoe kati ya safari na safari, kisha oili ibadilishwe baada ya kilomita 800 hivi. Kilomita hizo hazikuwemo kwenye ratiba yetu. Tulizitafuta usiku, kwa kupokezana usukani, gari likiwa halina bampa wala rangi, na nakiri kwamba safari zile ndizo zilizonipa imani nalo. Gari lililokamilika usiku wa kuamkia maonyesho halijawahi kutembea. Hakuna anayejua kama linafaa, hata aliyelitengeneza.

Kuhusu vipuri vya kupewa, nitasema bila kuzunguka. Mmoja wa waliotuahidi, ambaye sitamtaja, alichelewesha shokapu hadi wiki za mwisho, na zilipofika zilikuwa za gari jingine. Tulikaa chini gereji nzima tukazitazama ndani ya maboksi. Tukanunua nyingine kwa fedha ya akiba, na kuanzia siku hiyo hatukuwa na akiba. Kipuri cha bure nacho kina gharama: kina tarehe ya kufika ambayo si yako, kina stika ambayo lazima ikae, na pengine hukiruhusiwi kukitoa kwa muda fulani hata kikikushinda. Andikianeni. Kitafika lini, nani analipa usafirishaji, kisipofika itakuwaje, baada ya maonyesho ni cha nani, picha zitatumika wapi. Na usikate kitu chochote kwenye gari kwa kutegemea kipuri ambacho hakijafika mkononi mwako. Madigadi yakishakatwa hayarudi.

Fundi wetu mkubwa alikuwa na kanuni ambayo ilituudhi sote: kila kitu kifungwe kwanza bila rangi, bampa, keria, ngao za chini, droo, hadi bolti ya mwisho, gari litembee, kisha kifumuliwe chote, kipigwe rangi, kifungwe upya. Kazi mara mbili, wakati kalenda inatukimbiza. Hakuyumba. Katika kufunga huko kwa kwanza tuligundua kisanduku cha umeme cha winchi kinagusa grili, na kwamba tairi la kushoto linasugua wakati usukani umekatwa hadi mwisho huku springi imebonyea. Hilo la pili huwezi kuliona gari likiwa limesimama sawa sakafuni. Alitoa koili, akapandisha gurudumu kwa jeki hadi likagota, ndipo akazungusha usukani pande zote. Jaribuni hivyo kabla ya kusema matairi yameingia.

Yako madogo ya rangi ambayo yangetuharibia kazi. Rangi ya unga inayookwa ni nene. Ikiingia kwenye matundu ya bolti, bolti hazipiti, na ikikaa kati ya chuma na chuma, baadaye inasagika na bolti inalegea. Pia inazuia umeme, kwa hiyo sehemu ya kufungia waya wa hasi lazima ikwanguliwe. Na kabla ya kuchomelea popote kwenye gari la kisasa, ondoeni nyaya za betri, na kibano cha mashine kikae karibu kabisa na mahali panapochomelewa, la sivyo umeme unatafuta njia kupitia kompyuta ya gari.

Umeme wa ndani uliendeshwa na mwenzetu anayeujua, nami sina mengi. Alichonifundisha ni kwamba fyuzi inalinda waya, kwa hiyo hukaa karibu na betri na ukubwa wake hufuata unene wa waya. Winchi ya volti 12 ikivuta kwa nguvu yake yote hula zaidi ya ampea 400. Waya mwembamba hapo ni moto unaosubiri. Betri ya lithiamu haikai kwenye injini kwa sababu ya joto.

Wiki ya mwisho ilikuwa ngumu kwa namna ambayo sikuitarajia. Vyuma vilikuwa vinakwenda. Watu ndio waliochoka. Tulijibizana kwa mambo ya kipuuzi, mmoja wetu akaondoka bila kuaga na kurudi asubuhi na chai ya wote. Kilichotuokoa ni makubaliano kwamba hakuna anayegusa usukani, breki wala bolti za magurudumu baada ya saa sita usiku. Usiku tulifuta vumbi, tulipanga nyaya, tulibandika stika. Kila bolti iliyokazwa kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ilichorwa mstari wa rangi, kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye chuma, hivi kwamba aliyefika asubuhi aliweza kuona kwa macho kilichokazwa, na baadaye kuona kama kimesogea.

Ukumbi una sheria zake, na ziombeni mapema. Kumbi nyingi za ndani hufuata kanuni za zimamoto zinazofanana: mafuta yasizidi robo ya tangi au lita 19, kiwango chochote kilicho kidogo zaidi kati ya hivyo viwili, kifuniko cha tangi kifungwe kwa namna ambayo mgeni hawezi kukifungua, nyaya za betri ziondolewe, hakuna kujaza wala kunyonya mafuta ndani ya jengo. Fikiria maana yake. Ukiondoa betri, taa zako zote ulizozihangaikia zimezima, friji imezima, kompresa ya kufunga loki za difu imezima. Kama mnataka taa ziwake, panga na waandaaji kuhusu umeme wa nje, na uulize kama wanakubali. Pima mlango wa ukumbi, na pima mlango wa kile kitakacholisafirisha gari. Mlango wa kontena la kawaida una kimo cha meta 2.28 hivi, wa kontena refu meta 2.58, gari lililoinuliwa lenye hema juu linaweza kupita kwenye la pili na kugoma kwenye la kwanza. Magari huingia kwa zamu, ya ndani kabisa kwanza, na ukishazungukwa hutoki hadi siku ya mwisho. Kilichosahaulika gereji mtakibeba kwa mikono.

Wengi hupenda kupandisha gurudumu moja juu ya jiwe au ngazi ya chuma ili kuonyesha jinsi ekseli inavyojikunja. Nasi tulifanya. Funga gari kwa mikanda, weka vigingi kwenye magurudumu ya chini, na simamisha stendi ya chuma chini ya chesisi upande ulioinuka, kwa sababu watu watalipanda. Hata ukiweka kamba watalipanda, hasa watoto. Kila ncha kali iliyo kwenye kimo cha uso wa mtoto ifunikwe.

Kisha milango ikafunguliwa. Wageni walikuwa wa aina nyingi, na wengi walipiga picha wakapita, ni haki yao. Ila kulikuwa na wale waliopiga magoti. Walimulika tochi ya simu chini ya gari, wakafuata mabomba ya breki kwa kidole, wakahesabu bushi. Mzee mmoja alitoka huko chini akaniuliza, "Kijana, hili linatembea?" Nikamwonyesha mistari ya rangi kwenye bolti na difu zilizokwishafanya kilomita zake. Akamwita mwanawe aje aone. Kwa wageni wa namna hiyo ndiko zilikotoka oda, ushauri, na marafiki ambao bado tunawasiliana nao.

Nami nilipiga magoti mabanda mengine. Niliona kazi za mikono ambazo zilinifanya nisimame kimya, viungo vya kuchomelea vilivyonyooka kama vimepimwa kwa rula. Niliona pia winchi isiyo na waya hata mmoja nyuma yake, snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu) ambayo haikuunganishwa na kichujio cha hewa, tairi la akiba lisilolingana na yale manne. Sikuwadharau wenyewe, kwa kuwa najua tarehe inavyobana. Ila mgeni kijana anayaona magari hayo, anaamini yanafanya kazi, anakwenda kuiga. Snokeli isiyozibwa vizuri kwenye viungio vyake itaingiza vumbi na maji palepale ambapo mwenye gari anajiona salama. Ningependa banda liwe na kibao kinachosema wazi: hili bado, hili ni la picha tu. Sisi tulikiweka chetu kuhusu tangi la maji, ambalo halikuwahi kuunganishwa, na hakuna aliyetupunguzia heshima.

Baada ya maonyesho gari halikurudi kwenye turubai. Tulirudisha betri, tukaongeza mafuta, tukakaza upya nati za magurudumu baada ya kilomita 80 za kwanza, kisha tukalipeleka kwenye mawe na mchanga tukiwa tumepunguza upepo wa matairi hadi psi 18. Droo za nyuma zililia kila bonde. Taa mbili za juu zilijaa vumbi. Tulipopita tena kwenye mizani tuliamua kuondoa droo zote mbili, jiko la kuvuta na moja ya madebe ya dizeli. Tangi la maji tuliliunganisha, lakini tukachukua la lita 40. Bampa bado tunalijadili: mmoja wetu anataka la alumini, na safari hii hakuna anayetuharakisha.